Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya Kwaresima katika jiko la Mgiriki

Siku ninayoieleza ni Ijumaa, tarehe 4 Aprili 2025. Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Muheza mkoani Tanga, na kazi yangu iko katika mgahawa mmoja wa Astoria, katika eneo la Queens jijini New York. Mwenye mgahawa ni Mgiriki wa kisiwa cha Chios, mtu wa miaka sabini na kitu. Wenzangu jikoni humwita Barba, kama Wagiriki wanavyowaita wazee wao. Mimi nimemwita Mzee tangu nilipoajiriwa, naye huitika. Jamaa wa nyumbani huniomba mara kwa mara niwaeleze jinsi tunavyoishi huku, na kila ninapojaribu naona siwezi kuieleza siku yangu bila kuieleza yake.

Saa 10:30 alfajiri

Treni ya N hupita juu ya nguzo za chuma katika mtaa wa 31, na chini ya nguzo hizo kuna giza hata taa za barabarani zikiwaka. Navuka barabara na kuona jikoni kumekwisha washwa. Mzee anaishi karibu na Ditmars, kituo cha mwisho cha treni hiyo, na huja kwa miguu ili saa kumi imkute ndani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Neno la kwanza nilimfundisha mimi. La pili hulisema kwa Kigiriki. Amekwisha pokea mikate, ameweka kahawa motoni, na sasa anakagua mayai. Kasha moja lina mayai 360, yaliyopangwa katika trei 12. Huinua trei moja moja hadi usawa wa taa, akaizungusha polepole, na kila yai lenye ufa hulitoa kwa vidole viwili na kuliweka kando. Kisha huandika idadi katika daftari lenye jalada la plastiki, ili muuzaji ayakate kwenye ankara ya wiki. Kazi hiyo angeweza kumwachia kijana yeyote. Haiachi, na mwaka huu sababu yake inaeleweka: homa ya ndege imeangamiza kuku wengi wa mayai nchini Marekani, na mwezi Februari wastani wa bei ya dazani moja dukani ulifika dola 5.90. Kwa mgahawa unaoishi kwa mayai, hiyo ni bei ya kukufungisha mlango.

Migahawa mingi ya jiji imeongeza malipo ya ziada kwa kila yai. Mzee amepandisha bei ya omleti za mayai matatu, lakini sahani ya mayai mawili na mkate wa kubanika ameiacha ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo inayoliwa na wastaafu wanaokuja saa moja asubuhi, wengi wao wajane wanaoishi peke yao kwa pensheni. Mimi ningepandisha yote, na mwezi Machi nilimwambia hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha hesabu: hasara ya sahani ile ilikuwa inafidiwa na kahawa na viazi. Sikuwa na la kuongeza.

Saa 12 asubuhi

Tunafungua. Wa kwanza ni wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, madereva wa teksi, na mafundi wa reli wenye vizibao vya rangi ya machungwa. Mzee husimama kwenye kaunta na kumimina kahawa katika vikombe vya karatasi vya buluu na nyeupe, vyenye picha ya mtungi wa kale na maandishi ya Kiingereza yasemayo kwamba tunafurahi kukuhudumia. Watu wengi hudhani vilibuniwa na Mgiriki. Vilibuniwa katika miaka ya 1960 na Leslie Buck, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyenusurika kambi za mauaji za Wanazi, ambaye kampuni yake ilitaka kuwauzia vikombe Wagiriki wenye migahawa. Ndiyo maana akachagua rangi za bendera yao.

Jikoni tumegawana kazi. Mwenzangu wa Puebla, Meksiko, anashika bamba la kukaangia nyama, pamoja na vyote vitokavyo kwa nguruwe, kwa kuwa mimi ni Mwislamu na Mzee alilipanga jambo hilo wiki niliyoanza kazi bila mimi kuliomba. Mimi nina mayai, chapati za maziwa, supu na oveni.

Wiki hii ni ya tano ya Kwaresima ya Waorthodoksi. Mzee hali nyama, mayai, maziwa, jibini wala samaki mwenye uti wa mgongo, ingawa pweza, ngisi na kamba wanaruhusiwa. Kwa hiyo tangu alfajiri anapitisha mikononi mwake siagi na omleti za jibini ambazo hatazionja. Mwaka huu Kwaresima yao ilianza tarehe 3 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuandama, na karibu mwezi mzima tulifunga pamoja mimi na yeye, kila mtu kwa sharti zake, tukiwapikia watu wasiofunga. Chumvi ya supu ya kuku ilionjwa na yule wa Puebla. Ikifika Ijumaa naye, akiwa Mkatoliki, hali nyama, kwa sababu mwaka 2025 Pasaka za Mashariki na Magharibi zimeangukia siku moja, tarehe 20 Aprili. Hivyo siku za Ijumaa Mzee ameiondoa kabisa supu ya kuku, na tunapika supu ya chaza na nyanya pamoja na ile ya maharage meupe. Hataki kuuza chakula ambacho hakuna mmoja wetu aliyekionja.

Saa 4 asubuhi

Saa mbili hadi saa nne hupita mbio na hazina la kusimulia zaidi ya jasho. Baada ya hapo watu hupungua, na tunaketi nyuma juu ya makreti kumenya viazi vya mchana. Huu ndio wakati ambao nimemjua mtu huyu, kwa sababu mikono ikiwa na kazi ndipo huzungumza.

Kwetu Tanga, Mgiriki alikuwa bwana shamba. Wagiriki walikuwa miongoni mwa wenye mashamba ya mkonge enzi za Mwingereza; babu yangu alikata mkonge kwa mmoja wao, na mengi ya mashamba yale yaliingia mikononi mwa serikali baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nilipoambiwa kwamba mwajiri wangu atakuwa Mgiriki, nilitazamia bwana wa kukaa kwenye kiti na kutoa amri. Nilimkuta amepiga magoti chini ya sinki, anazibua bomba.

Alizaliwa kaskazini mwa Chios, upande wa kisiwa unaotoa mabaharia tangu zamani. Baba yake alikuwa baharia, naye akaingia melini akiwa kijana. Mwaka 1971, Ugiriki ikiwa chini ya utawala wa wanajeshi uliodumu tangu 1967 hadi 1974, meli yake ilitia nanga New York. Akashuka na begi moja na hakurudi. Mabaharia wengi wa Kigiriki waliingia Marekani kwa njia hiyo. Aliosha vyombo katika mgahawa wa Manhattan, akalala katika chumba cha chini ya ardhi pamoja na vijana wengine wa kisiwa chake, wakipokezana vitanda kwa zamu.

Lililonigusa zaidi katika habari zake ni la dada zake wawili. Kwetu mahari hutoka kwa mume. Kwa Wagiriki wa wakati ule, familia ya binti ndiyo iliyotoa mali: nyumba, shamba au fedha, na desturi iliwataka kaka wangoje dada zao waolewe kwanza. Sheria ilikuja kuifuta mahari hiyo mwaka 1983, kwake ikiwa imechelewa. Sehemu kubwa ya mshahara wake wa miaka ile ilikwenda Chios kukamilisha nyumba mbili ambazo hakuwahi kulala ndani yake. Hazungumzii jambo hilo kwa uchungu. Hutaja bei ya mabati, bei ya saruji na jina la meli iliyopeleka madirisha, kama mtu anayekumbuka kazi aliyoikabidhi kwa wakati. Mimi nami hutuma fedha Muheza kila mwisho wa mwezi kwa simu, na zinafika kabla sijavaa koti. Yeye alipanga foleni benki, kisha akangoja wiki kadhaa kusikia kwa barua kwamba zimefika.

Mkewe naye asili yake ni Chios, ila wa kusini, kwenye vijiji vya miti ya mastiha, ambayo utomvu wake wenye harufu nzuri hutiwa katika mikate ya Pasaka. Wazazi wake walihamia Astoria kwa njia halali. Sheria ya mwaka 1924 iliipa Ugiriki nafasi 100 tu za uhamiaji kwa mwaka, na ingawa baadaye ziliongezwa kidogo, mlango ulifunguka hasa pale sheria ya 1965 ilipofuta mgawo wa nchi kwa nchi. Walipofunga ndoa, Mzee hakuweza kubadilishiwa hadhi akiwa hapa hapa, kwa sababu sheria haimruhusu aliyeingia kama baharia; ilimbidi arudi Ugiriki, angojee viza, aingie upya kwa mlango wa mbele. Mkewe alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, na mtoto alizaliwa baba yake hayupo.

Saa 7 mchana

Ijumaa ya Kwaresima wateja wa mchana ni wengi kupita kiasi. Waairishi, Waitalia, Wameksiko, wote wanataka samaki. Wakati huo huo swala ya Ijumaa inanisubiri katika msikiti ulioko mtaa wa Steinway, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa. Ifikapo saa saba kasoro, Mzee hufunga aproni, akasimama mahali pangu na kusema "Nenda". Hanitazami anaposema, maana macho yake yapo kwenye oda.

Nimewahi kufanya kazi penye meneja aliyenitaka nichague kati ya swala na zamu. Kwa Mzee jambo hilo halijawahi kujadiliwa. Kabla ya kutoka nilimtazama akipasua mayai mawili kwa mkono mmoja, akayageuza bila kuvunja viini, huku goti lake la kushoto, lililofanyiwa upasuaji, likiegemezwa kwenye mlango wa friji ya chini. Mtu huyu anamiliki jengo zima. Alilinunua katika miaka ya 1980, na hiyo ndiyo sababu mgahawa bado uko hai wakati wapangaji wa jirani wamefukuzwa na kodi. Angeweza kukodisha ghorofa ya chini na kuishi vizuri kwa kodi hiyo bila kushika mwiko.

Saa 9:30 alasiri

Meza iliyo karibu na mlango wa jiko haipewi mteja kuanzia saa tisa. Hufika mkewe, ambaye sote humwita Kiria kwa heshima, na sufuria alilolifunga kwa taulo. Hufika binti yao ambaye ni mhasibu. Hufika mjukuu wa kike wa miaka minane, na begi la shule. Leo kulikuwa na maharage meupe yaliyopikwa bila mafuta, zeituni, vitunguu vibichi na mkate. Mzee alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akavua aproni, akaketi. Kwa muda wa saa moja hakuna anayemwita, hata mashine ya kadi ikiharibika.

Nilidhani ni starehe ya uzee, mpaka Kiria aliponieleza. Watoto walipokuwa wadogo, baba yao alitoka kabla hawajaamka na kurudi wakiwa wamelala. Mtoto wa pili alipoanza kumwogopa kama mgeni, Kiria hakugombana naye. Aliwachukua watoto kila siku baada ya shule, akawaleta na chakula kutoka nyumbani, akaiteka meza ile na kumwambia mumewe aketi. Mteja wa kwanza aliyetaka kuikalia aliondolewa na Kiria mwenyewe. Watoto hao sasa ni watu wazima, mmoja ni mhandisi katika jimbo la mbali, na hakuna atakayerithi mgahawa. Mzee husema aliosha vyombo ili wao wasioshe. Lakini meza haijaachwa.

Mjukuu alikuwa na kazi ya shule ya Kigiriki. Usiku wa Ijumaa hii makanisa yao huimba utenzi wote wa kumsifu Mama wa Yesu, wenye beti 24, kila ubeti ukianza na herufi mojawapo ya alfabeti yao kwa mpangilio. Babu yake alikuwa anamtajia herufi, naye anajibu kwa maneno ya mwanzo ya ubeti. Alipokwama, babu aligonga meza kwa kidole na kumwachia muda. Nilikumbuka madrasa ya Muheza, na nilitamani watoto wangu wangekuwa hapo karibu niwasikilize nami.

Saa 11 jioni

Jambo hilo la watoto wangu ndilo lililofanya siku hii niione inafaa kuandikwa. Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza. Mke wangu na watoto wetu wawili wako Muheza, na ombi la kuwaleta limefika hatua ya hati ya udhamini, fomu I-864. Kipato changu cha mwaka jana hakikufika kiwango kinachotakiwa kwa watu wanne, na sheria inaruhusu mdhamini wa pili. Sikumwomba Mzee. Binti yake ndiye aliyenisaidia kujaza ritani ya kodi, akaliona pengo, na inaonekana lilizungumzwa mezani.

Binti alitandaza karatasi juu ya meza ile ile baada ya vyombo kuondolewa, na kwa kuwa ni mhasibu makini, alimsomea baba yake kila kifungu. Alimweleza kwamba hati hii si barua ya kumsifia mtu. Kutokana na sheria ya mwaka 1996 ni mkataba wenye nguvu mahakamani: familia yangu ikipokea misaada fulani ya serikali, serikali inaweza kumdai yeye, na jukumu hilo haliishi hadi wawe raia au wahesabiwe robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, hata kama mimi na mke wangu tukiachana, hata kama mimi nikiacha kazi kwake. Nilijisikia kutaka kuondoka nisione uso wake. Nikabaki, kwa kuwa ingekuwa utovu wa adabu.

Mzee aliuliza majina ya watoto na umri wao. Nikamtajia. Akauliza kama yule mdogo ameanza shule. Nikamwambia ataanza mwakani. Akavaa miwani, akatia saini taratibu, akaandika tarehe kwa mtindo wa kwao, siku kabla ya mwezi, na binti yake akamfanya aandike upya kwenye nakala nyingine.

"Mzee, sijui nikushukuru vipi," nilisema.

Alijibu kwamba mwaka ule alipokuwa Ugiriki akingoja viza, baba mkwe wake alimwandikia karatasi ya namna hii, na baba mkwe huyo alikuwa fundi viatu aliyekuwa na madeni. Kisha akaniuliza kama nimetoa samaki wa jioni kwenye chumba cha baridi.

Saa 1 usiku

Aliondoka saa kumi na mbili na nusu akiwa amevaa shati jeupe na koti, amemshika mjukuu mkono, kwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Demetrios. Utenzi ule huimbwa watu wakiwa wamesimama, na yeye alikuwa amesimama tangu saa kumi alfajiri ukiondoa saa ile ya meza na muda wa kumenya viazi. Kiria alimwambia akae, wazee wanaruhusiwa. Sikusikia alichojibu.

Ijumaa mimi hufanya zamu mbili, kwa kuwa mpishi wa jioni hupumzika siku hiyo. Nilikaanga samaki na ngisi hadi wateja walipopungua, nikasugua bamba kwa jiwe, nikabadili mafuta.

Saa 3:30 usiku

Alirudi peke yake kuhesabu fedha za keshia. Wakati anazihesabu nilimpigia simu mke wangu; kwao ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri ya Jumamosi, na nilijua ataamka kwa swala. Nilimweleza kwamba binti wa Mzee amekwisha skani karatasi zote na tutazituma mtandaoni leo leo, na baada ya hapo yatabaki mahojiano katika ubalozi wa Dar es Salaam na vipimo vya afya.

"Baba watoto, huyo mzee ana wajukuu?" aliuliza.

"Anao."

"Mpe salamu zangu. Mwambie tunamwombea."

Nilizifikisha. Mzee aliinamisha kichwa, akaendelea na hesabu, kisha akauliza ni karatasi gani bado haijapatikana. Nikamwambia ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto mdogo kutoka RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi Tanzania. Kilikuwa na kosa la herufi moja katika jina na kimerudishwa kurekebishwa. Akataka nimuulize mke wangu ataenda lini kukichukua. Mke wangu alisema Jumatatu ni Siku ya Karume na ofisi zitafungwa, kwa hiyo ataenda Jumanne asubuhi kwa basi la kwanza. Mzee akafungua daftari lake lenye jalada la plastiki, akageuza ukurasa wa mayai, akaandika: Jumanne, cheti.